Jina la Nne

Meli ya kutoka Nansio ilikuwa inakaribia Mwanza Bernadeta aliposikia sauti yake mwenyewe ikikimbia kama cherehani kwenye simu ya binti wa pembeni. Ni kile kitabu alichokisoma na kukirekodi, cha wavuvi ambao tajiri wao aliwalazimisha kuingia ziwani siku ya dhoruba, na hakuna aliyemwajibisha tajiri huyo.

“Mbona mbio hivyo, mwanangu?”

“Shikamoo mama. Nimeweka kasi mara mbili, na ukimya simu inauruka yenyewe. Nataka tukishuka niwe nimekimaliza.”

“Msomaji ni mimi. Baada ya kila jina la aliyezama nilinyamaza kidogo, kama tunavyofanya msibani. Mume wangu ni wa nne. Nani kawafundisha kuruka marehemu?”

“Mama, wenzangu hata hawajakifungua! Mimi angalau nimewasikia.”

“Umewasikia? Haya, mtaje wa nne.”

Binti akaitazama simu. Honi ikalia, abiria wakanyanyua mizigo.

“Tumefika, mama.”