Barakoa Haiko Tumboni

Ndugu, jamaa na majirani mliotushika mkono tangu Jumanne, mimi ni mke wa marehemu, nimeomba kuisoma historia hii mwenyewe, mnivumilie.

Mume wangu, ambaye wengi mlimwita Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha akafaulu, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1989, wa kwanza kati ya watoto wawili, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya matangi ya maji kuanzia 1996 hadi 2002, na tarehe 7 Januari 2008 akaajiriwa kwenye karakana ya kuyeyusha madini ya risasi yanayotolewa kwenye betri chakavu za magari, akawekwa kwenye tanuri.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Juni 2014, tukakaa miaka bila mtoto, na mama mkwe hakuniuliza hata mara moja, "Vipi, bado tu?" Tarehe 4 Februari 2019 tulipimwa wote wawili, na hili aliniruhusu kulisema, akaniambia nisione aibu: daktari alitueleza kwamba moshi na joto la tanuri vimezidisha mwilini mwake sumu inayokula mbegu za kiume kama kutu inavyokula bati, akampa vitamini C na E zisaidie kuizuia, lakini akasisitiza kwamba kwanza atoke kwenye moshi. Msimamizi, kwa wema wake, akamhamishia kwenye mizani ya getini kwa mwaka mzima, na tarehe 22 Agosti 2020 binti yetu akazaliwa.

Hapo ndipo tulipokosea. Furaha ilitusahaulisha ule mwaka wa getini, sifa zote tukavipa vidonge, mume wangu akarudi kwenye tanuri akiamini vinamkinga, akawagawia na wenzake, wakawa wanavimeza pamoja kila asubuhi na kuziacha barakoa msumarini kwa kuwa zinabana pumzi, na nikimuuliza alicheka, "Yangu iko tumboni, mama." Nami nilicheka, na ni mimi niliyekuwa nikimtilia vidonge hivyo kwenye mfuko wa shati.

Novemba 2024 alianza kuumwa tumbo, mikono ikalegea hata kifungo kikamshinda, tarehe 19 Januari 2025 akalazwa, damu ikaonekana imejaa risasi na figo zimeharibika, na tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka thelathini na mitano.

Nawashukuru madaktari, muuguzi aliyekuwa akisugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa, jirani aliyemlea binti yangu wiki saba, na wafanyakazi wenzake waliokuja kumnyoa ndevu kila Jumapili.

Shemeji yangu, mwezi uliopita ulichukua nafasi ya kaka yako kwenye tanuri, na leo asubuhi ulipoinama kupanga viti nimekiona kikopo cha vidonge mfukoni mwako, nikaogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini. Najua mkeo anatamani mtoto, nilikuwa kama yeye. Omba kuhamishwa, msimamizi yuko hapa, ananisikia.

Pumzika kwa amani, Taratibu, sisi tutaipata yetu mdogo wako akitoka kwenye ule moshi.