Mguu wa Ebla Unachelewa

Benchi langu la kahawa liko mbele ya studio ya binti Kaaha, karibu na soko la mbuzi, na wanaokaa hapo hawajui kunyamaza. Leo hata mimi sikutulia. Kaaha alirekodi buraanbur ya harusi, ngoma ya wanawake peke yao ambayo wanaume hawaruhusiwi kuitazama, na Ebla ndiye aliyecheza mbele. Sasa Kaaha anaihamisha kutoka kamera yake kuukuu hadi kwenye kompyuta, na huko ngoma inalia kwanza, mguu wa Ebla unakanyaga baadaye. Alasiri nakala inatumwa kwa mashangazi wa bwana harusi walioko Elwak. Ikienda hivyo, Ebla atachekwa mpaka azeeke, na Kaaha hataitwa harusi nyingine.

— Sauti peke yake, sawa, akasema Kaaha mlangoni. Picha peke yake, sawa. Zikiwa pamoja, draiva ya sauti, ile programu inayoiendesha, inaingilia ile ya picha, picha inabaki nyuma.

Ogle, aliyeendesha lori la Wajir miaka thelathini, akaweka kikombe chini.

— Madraiva wawili, usukani mmoja? Fukuza mmoja!

— Nikitoa ya sauti, adeer, ami yangu, mashangazi wataona watu wanarukaruka kimya.

— Hilo ni joto, akasema Abdihafid. Tunamwita Hakimu, maana huhukumu kabla ya kusikia. Sauti nyepesi, akaendelea, inapita. Picha nzito, inakwama kwa waya.

— Basi mwagia maji, akasema Ogle.

— Maji! Hiyo rejeta ya lori yako?

— Kama si joto, ni mnara wa simu, akasema Ogle. Tangu wausimamishe, ngamia wa Hadado wanaitika kabla hawajaitwa.

— Wallahi?

— Hata saa yangu inachelewa.

— Saa yako uliinunua imekufa, nikamwambia Ogle. Kunywa.

Kaaha akatoka tena, jasho usoni, akanigeukia mimi, bibi wa kahawa.

— Nimeipa kila draiva zamu yake. Imekaribia. Lakini nimeitazama mara nyingi mno, ayeeyo, sijui tena kama mguu umefika au bado.

— Lete hapa tuone! wakasema wote wawili.

Kaaha akarudi ndani, akavuta pazia.

Ndipo akaja Qali na chupa yake ya kahawa. Yeye ndiye aliyepiga ngoma siku ile. Akawasikiliza kidogo, mkono kiunoni.

— Tangu adhuhuri mnamjadili Ebla. Nani kati yenu alimwona akicheza?

Ogle akachungulia kikombe kitupu. Hakimu akaanza kutafuta kandambili zake, na alikuwa amezivaa.

Qali akapita pazia. Tukasikia ngoma, na makofi ya Qali yakifuata mdundo.

— Bado. Rudisha.

Makofi tena.

— Bado. Huyu mtoto hakanyagi hivyo. Rudisha.

Muadhini wa alasiri akakohoa kwenye kipaza sauti. Hakuna aliyeinuka benchini.

— Hapo! akapiga kelele Qali. Hapo hapo. Kaaha, usiguse kitu, hata usipumue. Tuma.