Kitenge Shavuni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Kwenye basi la Kashikishi kwenda Mansa, mwanaume aliyeketi mbele yangu alikuwa amejifunga kitenge usoni, nami nikamtania: "Papa, unamukimbia bibi gani?" Akakifungua. Shavuni alikuwa na uvimbe mwekundu, mkubwa kama yai la bata. Kicheko changu kilishuka kabla ya kituo.

"Ni kansa ya ngozi," akasema Kalenga, ndilo jina alilonipa. "Inakamataka batu kidogo, lakini inaenea mbio. Dawa za kawaida zimeshindwa. Naenda Lusaka, kule beko na dawa mupya, banajaribu."

Kando yake alikaa Mama Noëlla, muuza chisense, vile vidagaa vikavu, mwanamke asiyekosa maoni. "Banajaribu? Papa, utakuwa panya ya bamunganga ya kujaribia dawa! Na ikikuua?"

"Inaweza. Balinisomea karatasi yote kwa Kiswahili, mara mbili: inaweza kuniua, inaweza kushindwa, naweza kukataa. Njo nikatia sinyatire yangu pale chini."

"Mutu anaponaka na karatasi?" Basi lilikuwa linasimama Kenani, kituo cha Mama Noëlla. Akachomoa kifuko cha unga wa mizizi kutoka kapuni. "Pakaa hii asubuyi na mangaribi. Ilimuponyesha shemeji yangu jipu."

Kalenga hakukipokea. "Mama, mwaka muzima nilikuwa panya yenu. Mafuta ya maombi ya pasteur, chumvi ya mama mukwe, majivu ya samaki, na sasa unga ya jipu. Hakuna hata mumoja wenu aliniambia inaweza kushindwa."