Sultan Famau na Tundu la Sita

Ndugu mliofika kwenye hitima hii, tunayemtaja leo ni Sultan Famau Shomari, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1949, mtaa wa Malindi, Unguja. Zaidi ya miaka mitatu mtaa mzima wa Karama, hapa Dubai, ulimtaja kama mtu aliyempiga shemeji yake risasi. Mjane wake, Bi Saleha, yumo ndani ya eda, hawezi kutokea mbele yenu. Ameagiza tulisome jambo hilo kama lilivyokuwa.

Alisoma chuo cha Kurani, kisha skuli mpaka darasa la saba. Januari 1964 mlango wao ulipasuliwa kwa mashoka. Baba yake alikatwa mapanga ukumbini, naye Sultan, wa miaka kumi na minne, alilala chini ya kitanda mpaka damu ikamfikia vidoleni. Hilo hakulisimulia mara mbili.

Alifika Dubai mwaka 1968, akawa fundi wa cherehani, na katika duka lake la Karama wengi wenu mmekalia vigoda vyake. Tarehe 3 Machi 1978 alimuoa Saleha, wakajaaliwa Asila na Hazim.

Uzeeni alipenda bastola kuukuu za silinda, zile za risasi nyembamba ambazo nyundo huzigonga ukingoni mwa kitako. Alikuwa nazo saba, za bei rahisi, zote na vibali vyake. Alizisugua kwa mswaki na mafuta ya cherehani. Ijumaa alikwenda uwanja wa shabaha nje ya mji, akalenga makopo ya nyanya, akakosa. Shemeji yake Hashir, nduguye Saleha, alimpigia kelele: "Shemeji, hilo kopo litakufa kwa uzee!" Na Sultan alicheka kuliko wote.

Ila alikuwa na sharti. Matundu sita, risasi tano. Tundu lililo chini ya nyundo huachwa tupu, maana bastola za zamani zikianguka hujifyatua zenyewe.

Ijumaa tarehe 14 Novemba 2014 alikuwa uwanjani na mkewe na Hashir; alijaza tano, akaiacha bastola mezani, akaenda kuswali alasiri. Bi Saleha aliona tundu moja tupu, akadhani mumewe amesahau. Akatia ya sita, akaifunga vizuri. Sultan aliporudi akaichukua, ikamteleza mkononi. Nyundo ikagonga sakafu ya saruji. Risasi ikavunja goti la Hashir, mfupa ukatoka nje, na damu ikaruka mpaka kwenye kanzu ya Sultan. Alilifunga goti kwa kilemba chake huku Hashir akimpiga ngumi za uso, na hakujikinga.

Askari aliuliza nani amejaza. Bi Saleha akafumbua mdomo. Sultan akamwahi: "Nyamaza, mama Asila. Khalas, yameisha. Nimejaza mimi."

Bastola zote zilichukuliwa, na vibali vikafutwa. Hashir akamwambia mbele ya watu: "Nikifa usinizike. Nawe ukifa, sikuziki." Bi Saleha alitaka kusema mara nyingi. Sultan alimjibu hivi: "Mimi nimeshazoea kuchukiwa. Lakini kwako wewe, huyo ni ndugu yako wa pekee."

Figo zilimsumbua tangu 2016. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2018, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Asila.

Hakuna aliyemtarajia Hashir juzi makaburini. Alikuja. Aliegemeza fimbo yake kwenye rundo la mchanga, akashuka kaburini na goti lile, akampokea Sultan upande wa kichwa. Alipopandishwa juu, suruali yake ilikuwa na damu gotini. Wakati huo alikuwa bado hajajua haya mliyoyasikia sasa.

Ameacha mjane Bi Saleha, watoto Asila na Hazim, wajukuu watano, na shemeji yake Hashir, ambaye amekaa hapa mbele. Bwana Hashir, dada yako yuko nyuma ya pazia hilo. Anakuomba radhi, na anasubiri kusikia sauti yako.

Mola ampumzishe Sultan mahali ambapo milango haivunjwi.