Kibao cha Komandoo

Benchi la mbele ya karakana ya Rangi, mwandika vibao, lilijaa tangu asubuhi. Mtaa ulikuwa umekubali kuitwa jina la Komandoo, fundi saa ambaye enzi za vita alivamia kisiwa kilichotekwa na adui. Kibao kilishapigwa rangi nyeupe, yakisubiriwa maneno tu. Komandoo mwenyewe alijifanya hana habari. Uongo mtupu, siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu mara mbili.

— Andika: aliua maadui arobaini, alisema Gazeti, mstaafu anayewasomea wenzake habari za juzi.

— Si wiki iliyopita walikuwa ishirini?

— Wamezaana.

— Mlienda na boti ngapi, Komandoo?

— Mbili. Za mpira.

— Boti wapi! aliruka Kinyozi. Waliogelea! Kilomita tisa chini ya maji, bunduki mdomoni.

— Wanapumua vipi?

— Komandoo hapumui kazini, bwana!

— Na jenerali wao wakamkamata kwenye beseni, anajisugua mgongo.

Komandoo alikunywa kahawa yake. Kwa kweli, kisiwani yeye na wenzake walikaa dakika arobaini tu. Walichoma mtambo wa redio na ghala la unga, wakaondoka na mateka mmoja, mpishi, aliyelia njia nzima. Lakini sifa tamu jamani, nani azikatae?

Rangi alichovya brashi. Hapo akaingia mama mmoja, kafuata kibao cha duka lake la ushonaji.

— Shikamooni. Kisiwa gani hicho?

Gazeti akamsimulia yote, beseni likiwemo, akimwonyesha Komandoo kwa kidole.

— Mimi nimezaliwa huko, alisema mama. Nilikuwa na miaka sita. Lile ghala lilikuwa na unga wetu. Baba yangu ndiye aliyewashikia kamba ya boti.

Komandoo aliweka kikombe chini.

— Mlimwambia mtarudi. Adui alipoanza kumsaka aliyewasaidia, watu walimsihi baba ajifiche. Akakataa, akakaa ufukweni kuwangoja. Maadui wakamkuta hapo hapo. Basi mzee wangu, nauliza tu: mlikuwa mrudi lini?

Gazeti alifunua gazeti lake. Kinyozi akakumbuka ana mteja. Komandoo aliyakumbuka maneno yake mwenyewe: keshokutwa, alfajiri. Hakukuwa na amri ya kurudi. Alisema tu, kumshukuru mtu.

— Baba yako aliitwa nani, mwanangu? aliuliza mwishowe.

Mama akalitaja jina.

— Rangi, andika hilo.

Rangi aliuliza herufi moja moja, na Komandoo akakishika kibao kisitikisike.