Mama Yetu Tokie, Aliyeandika "Kadmi Haipo"

Mama yetu, Tokie Ushijima, alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 mjini Gifu, mtoto wa tatu wa fundi wa miavuli ya karatasi. Mwaka 1952 alihitimu chuo cha famasia huko Nagoya. Somo alilolipenda lilikuwa kutenganisha metali zilizoyeyuka pamoja majini: kutia dawa, kuchuja, kutia nyingine, hadi kila metali ijulikane kwa rangi yake.

Aliajiriwa katika maabara moja ya serikali. Kazi hiyo hutumia gesi inayonuka mayai viza, na harufu haikumtoka mwilini. Siku ya posa, mshenga alimwomba baba yetu, Genzo, avumilie. Baba akacheka: "Bibi mshenga, mimi mkulima. Samadi ninayobeba inamshinda kwa kunuka." Walioana Novemba 1954, mama akahamia hapa Kuzuhara.

Sehemu inayofuata alituagiza tusiiruke.

Mwaka 1958 wanawake wa hapa walianza kuumwa mifupa, na tope la mashamba ya mpunga likapelekwa kwake maabara apime. Kwenye tope lenye shaba, lazima kwanza shaba izuiwe kwa sianidi, dawa yenye sumu kali. Ndipo kadmi, metali yenye sumu inayodhoofisha mifupa, kama ipo, itoke njano. Sianidi ilifungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa arusini. Karatasi ya majibu ilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Mama akapitisha gesi bila sianidi. Mashapo yakatoka meusi ya shaba, yakafunika kila rangi nyingine. Akaandika: "Kadmi haipo." Tukaendelea kula mchele wetu.

Mwaka 1962 bibi yetu, mama mkwe wake, alifariki. Kikohozi tu kilimvunja mbavu. Shaka ikamwingia mama, lakini aliogopa, akakaa nayo miaka miwili. Mei 1964 alirudia kipimo kwa utaratibu wote. Ikatoka njano. Jioni hiyohiyo alisimama mbele ya wanakijiji, akaeleza.

"Wewe! Miaka sita tunakula sumu kwa karatasi yako?" alisema Bi Sugi Nomura.

"Ndiyo, mama."

"Na mkweo je?"

"Nilimpikia wali kwa mikono yangu."

Aliacha kazi. Miaka ishirini aliwapeleka wagonjwa hospitali na kutoa ushahidi mahakamani, huku wengine wakimpa kisogo njiani. Sisi watoto tuliona aibu, na leo tunaona aibu kwa aibu ile.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 1983. Ugonjwa ulikuwa uleule, maana kadmi huharibu figo pamoja na mifupa. Alifariki tarehe 9 Februari 1988, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Baba alimtangulia mwaka 1979. Mama ameacha watoto wawili, mimi Hisae na kaka yangu Kunio, wajukuu watatu, na wanawake saba wa Kuzuhara ambao bado wanaumwa. Wote saba wamekuja. Bi Sugi, aliyefika kwa magongo, ameniambia maneno mlangoni, nami nayarudia kama alivyosema: "Sijamsamehe. Lakini waliojua habari ya sumu walikuwa wengi, na aliyekuja kutuambia ni yeye."

Mama, pumzika sasa. Mifupa isikuume tena.