Swichi ya Hirut

Zenebech alikuwa ameshatandaza nyasi mbichi chini ya viti vyake vifupi, pale kona ya Gulele, Addis Ababa, na jebena, birika la udongo la kahawa, ilikuwa inatokota juu ya mkaa. Siku nyingine wateja wangekuwa wameshamaliza bisi za kutafunia kahawa. Leo hakuna aliyezigusa. Matokeo ya mtihani wa taifa yalitakiwa kutoka asubuhi, ukurasa wa mtandaoni ukaganda, na mtaa mzima ulijua seva, mashine inayouhifadhi, inatunzwa na nani: Hirut, bintiye Zenebech.

— Kaiharibu, alisema Radio, mzee aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na pa kuzimiwa. Binti yake, Meklit, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakisubiri. Akaendelea: mashine kubwa vile unamkabidhi msichana mwembamba?

— Wembamba unahusu nini? Zenebech akauliza.

— Swichi za kuizimia na kuiwashia ni nzito, mama. Zinataka bega, kama gia ya lori.

Wakili, karani wa mahakama aliyeitwa hivyo kwa utani, akaguna.

— Acha uongo wewe. Swichi inasoma kidole. Ikikuta kidole isichokijua, inagoma.

— Basi leo imekuta kidole chenye harufu ya kitunguu!

Wakacheka. Zenebech alipuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa.

— Tena ziko mbili, Wakili akaongeza. Moja ya kuwasha, moja ya kuomba ruhusa ng'ambo kwa walioitengeneza. Na huko saa hizi wamelala.

— Ndiyo maana! Radio akapiga goti. Nchi nzima tunasubiri mtu aamke apige mswaki!

Hapo ndipo Hirut alipotokea, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni.

— Hamjambo wazee wangu. Kwani nani hapa amewahi kuiona hiyo swichi?

Radio alimtazama Wakili. Wakili alitazama bisi.

— Ni ndogo kama kifungo cha shati, Hirut alisema akiketi. Mashine ikiganda kama leo, unaizima kwa swichi hiyo, kisha unaiwasha upya. Ukiibonyeza ukaishikilia, mashine inakatika ghafla, na yale iliyokuwa inayaandika yanaweza kuharibika. Ukiibonyeza kidogo ukaachia, inafunga kazi zake taratibu, halafu inajizima.

— Wewe ukafanyaje? Radio akauliza.

— Bosi alikuwa mgongoni kwangu anafoka, "Shikilia! Watu wanatupigia kelele!" Nikamwambia, alama za watoto zimo humu. Nikabonyeza, nikaachia. Taa ikabaki inawaka. Akataka kuibonyeza mwenyewe, nikajiweka mbele yake.

— Mbele ya bosi? Wakili akanong'ona.

— Sikusogea, mpaka ikazima yenyewe. Nikaiwasha. Matokeo yote yamo, mazima kabisa.

Radio alichomoa simu. Akaingia kwenye ukurasa wa matokeo, akakosea namba ya mtihani ya Meklit, akaanza upya. Kisha akayasoma matokeo mara mbili.

— Amefaulu, alisema hatimaye, akajifuta macho kwa shuka yake. Mwanangu amefaulu.

Zenebech alikuwa na mengi ya kuwaambia wanaume hawa. Akamimina kikombe cha kwanza, akampa Radio, kwa kuwa ndiye mkubwa wa pale.

Radio alikipokea kwa mikono miwili. Akainuka nacho, akakipeleka kwa Hirut, akainama.

— Anza wewe, injinia wetu. Sisi tutangoja.